Mguu Usiovuka Mpaka

Goti lilijifunga mbele ya saluni ya Roselyn, pale ambapo watu wa Busia hutoka Kenya na kuingia Uganda bila kujua wamefanya hivyo. Hakuna ukuta pale, wala jiwe. Kuna mtaro wa maji machafu, ubao wa kuukanyaga ukivuka, na upande wa pili mama anayeuza ndizi za kuchoma. Josiah alikuwa ameshatanguliza mguu wa bandia aliopewa na mradi juu ya ubao uliposikika mlio mwembamba kama wa simu inayokwisha chaji, kisha goti likanyooka kabisa na kukataa kukunjika.

Mkewe Benedetta, aliyekuwa nyuma yake na kikapu cha unga na sukari, alimdaka kiunoni kabla hajaingia mtaroni.

"Umekanyaga nini?" akauliza.

"Sijakanyaga kitu. Hii kitu imekataa."

Alirudi nyuma, akiburuta mguu uliokauka kama mwiko. Visigino vilipofika upande wa saluni, mlio ukanyamaza na goti likalegea. Akalikunja, akalikunjua. Lilikuwa laini kama siku alipofungwa nalo. Akajivuta shati, akatembea tena kuelekea kwenye ubao kwa mwendo wa mtu asiye na shida yoyote, na goti likajifunga palepale lilipojifunga mwanzo.

Wanawake waliokuwa wakisukwa nywele walitoa vichwa mlangoni. Waendesha bodaboda wa kona ile, ambao kwa kawaida hawana la kufanya mpaka jua lipungue, wakasogea. Mmoja akamshauri auzime kisha auwashe. Mwingine akasema labda umejaa maji. Josiah alijaribu mara nyingine, safari hii kinyumenyume, kwa kuwa bodaboda mmoja alisema gari bovu hupanda mlima kwa gia ya nyuma. Ukajifunga hata hivyo, na watu wakacheka, naye akacheka nao kwa sababu asingecheka angelia.

Alikuwa anakwenda kwa mama yake. Mama huyo, Ajiko, aliishi upande wa Uganda, ng'ambo tu ya mashamba yanayoonekana ukisimama juu ya ubao ule, nyumbani kwa mdogo wake Josiah aitwaye Okiria. Miguu ya mama ilikuwa imevimba na pumzi ilikuwa fupi. Hakuwa akitoka kitandani ila kwa kushikwa. Tangu lori liliporudi nyuma kwenye foleni ya Malaba na kumsaga Josiah mguu mpaka juu ya goti, mama huyo alikuwa na ombi moja, na alilirudia kila alipopata mtu wa kumsikiliza: amwone mwanawe akiingia uani mwake akitembea.

"Twende nyumbani," Benedetta akasema. "Nitampelekea unga mimi."

"Na utamwambia nini?"

Benedetta alifikiri, akahamisha kikapu mkono wa pili. "Nitamwambia umekuja mpaka saluni."

*

Brendah, msimamizi wa mradi, alipokea simu kwa furaha, maana Josiah ndiye mgonjwa aliyefanya vizuri kuliko wote na picha yake ndiyo iliyokuwa kwenye kalenda ya mradi. Alipoelezwa yaliyotokea, furaha haikupungua.

"Basi mguu unafanya kazi," akasema.

"Unafanya kazi namna gani, dada? Umenifunga barabarani kama punda."

"Unafanya ulivyoagizwa ufanye. Hukuambiwa siku ile ya mafunzo?"

Siku ya mafunzo waliambiwa mengi, karibu yote kwa Kiingereza, na Josiah alikuwa akilitazama goti lake likikunjika peke yake. Kwa hiyo Brendah alimweleza upya, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Goti lile halikuzaliwa hospitalini. Lilitengenezwa katika maabara ya jeshi, nchi ya mbali, kwa ajili ya askari waliopoteza miguu vitani. Ndani mwake mlikuwa na kompyuta ndogo na vyuma vya siri. Wakubwa wa jeshi walipokubali litoke maabara liwafae raia, walikubali kwa masharti: liende nchi zilizoandikwa tu, na lisitoke humo lisije likaangukia mikono mibaya. Kibali cha Josiah kilisema Kenya. Goti lilizungumza na mitambo iliyo angani, na mitambo ikaliambia Kenya inakoishia.

"Likikaa nje kwa muda," Brendah akaongeza, "linajifunga kabisa. Halifunguki tena mpaka lirudishwe kule lilikotengenezwa. Kwa hiyo tafadhali, mzee, usije ukalivusha hata ndani ya mfuko."

Josiah aliisogeza simu sikio la pili. Alikuwa mtu wa kupenda kuelewa kitu mpaka mwisho.

"Nisaidie hapo, dada. Jeshi lilitengeneza huu mguu ili askari aweze kuingia nchi za watu."

"Ndiyo, tuseme hivyo."

"Na sasa hauwezi kuingia nchi ya watu."

"Wewe si askari," Brendah akasema.

Halafu akamwahidi kwamba angeomba ruhusa maalumu ya Uganda. Maombi yangepitia Nairobi, kisha ubalozi, kisha wizara huko huko ng'ambo. Yeye binafsi hakuona sababu ya kukataliwa. Ila asitegemee kesho.

"Na zile magongo zangu?" Josiah akauliza. "Nirudishieni hizo basi, niendee kwa mama."

Magongo yalikuwa Nairobi. Yalikuwa yamening'inizwa kwenye maonyesho ya mradi, chini ya picha yake ya zamani, yenye maandishi yasemayo "Kabla."

*

Kabla ya mguu, Josiah hakuwa mtu wa kuhurumiwa sana. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayosukumwa kwa mikono, yenye sanduku refu nyuma. Walemavu wa Busia huvusha bidhaa za wafanyabiashara kwa baiskeli hizo, na maafisa wa mpakani, ambao humpekua mtu mzima mpaka ndani ya soksi, wakimwona mtu asiye na miguu hutazama pembeni. Josiah alivuka na mafuta, sabuni, magodoro na maharagwe. Alikula, akasomesha, na kila Jumapili baada ya misa alivusha kitu kingine: yeye mwenyewe, kwenda kukaa na mama yake mpaka jua lishuke.

Mradi ulipompa mguu, ulimtaka aikabidhi baiskeli kwa chama ili apewe mhitaji mwingine, maana haikupendeza mtu aliyeponywa kuonekana ameketi. Na chama nacho kikamwondoa. Selpha, mwenyekiti, mwanamke aliyepooza miguu tangu utotoni na mwenye mikono kama ya mchimba kisima, alimwambia mbele ya wote bila ubaya: "Hiki ni chama cha walemavu, Josiah. Wewe unatembea. Hongera." Wiki iliyofuata Josiah alijaribu kuvusha sabuni begani kama mzima. Ofisa yuleyule aliyekuwa akimpungia mkono akamsimamisha, akamwagiza afungue katoni.

Sasa alikuwa anashinda nyumbani, mtu mwenye mguu wa thamani kuliko nyumba aliyokuwa amepanga.

Kazi ya kwanza mguu ule uliyopata haikuwa ya kulipwa. Okwi, mwenye kibanda cha bidhaa kando ya saluni, alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na wakusanya ushuru. Wa Kenya walipokuja, Okwi alisema kibanda kipo Uganda. Wa Uganda walipokuja, alisema kipo Kenya. Ramani ziliwahi kuletwa zikafunguliwa juu ya kaunta na kufungwa tena. Habari za mguu zilipoenea, askari wa kaunti alimfuata Josiah nyumbani, akamwita boss, akamwomba kwa heshima atembee kidogo.

Umati ulijaa. Josiah aliingia kibandani kwa mlango wa mbele, akapita penye mikate, akapita penye kiberiti na mishumaa, na alipofika kati ya sukari na sabuni, goti likalia na kujifunga. Askari wa kaunti akachora mstari sakafuni kwa chaki.

"Sukari ni yetu," akatangaza. "Sabuni, nenda ukaongee na Waganda."

Okwi aliiangalia ile chaki kwa muda mrefu. "Mimi nalala wapi?" akauliza.

Wakamtembeza Josiah kwenye chumba cha nyuma. Kitanda cha Okwi kilikuwa Uganda, isipokuwa mto.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Josiah alinunuliwa soda, akapigwa picha, na kwa saa nzima alikuwa mtu mkubwa Busia. Alikuwa bado ameishika chupa Okiria alipopiga simu na kumpa mama simu.

"Nasikia unawakatia watu kesi za mpaka," Ajiko akasema. Sauti yake ilitoka vipande vipande, kila kipande kikisubiri pumzi. "Kwangu unakuja lini?"

"Mama, nimekueleza. Mguu umekatazwa."

"Nani amekataza mguu wako?"

"Jeshi."

"Umekosana na jeshi?"

"La, mama. Ni jeshi la mbali. Halinijui."

Ajiko alivuta pumzi, akaiachia. "Basi mimi sijakatazwa na mtu," akasema. "Waambie wanibebe."

*

Walimleta kwa mkokoteni uliotandikwa godoro, asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Okiria alivuta mbele, majirani wawili wakashikilia pembeni. Benedetta alikuwa amekwisha vuka kumlaki. Alimfunika shuka miguu yake iliyovimba na kumtengenezea kilemba, maana mama mkwe wake hakuwa mtu wa kuonekana hivihivi mbele za watu. Walimshusha kwenye kiti cha plastiki kando ya mama wa ndizi. Upande wa pili Roselyn alifagia mbele ya saluni na kuwafukuza bodaboda, akisema leo si sinema.

Josiah alitokea mwisho wa barabara. Alikuwa amevaa suruali ya kanisani na viatu vilivyopigwa rangi, vyote viwili. Akatembea.

Alitembea vizuri. Hata waliomwona kila siku waliona hivyo. Goti lilijikunja na kujikunjua kwa wakati wake, kisigino kikagusa kwanza, vidole vikafuata, na kama mtu hakujua angedhani ni mwalimu anayewahi shuleni. Alifika mpaka kwenye mtaro, akasimama kabla ya ubao. Kati yake na mama yake kulikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kumpa mwenzake kikombe.

"Yoga, mama," akasalimu kwa Kiteso.

"Geuka," Ajiko akasema.

Akageuka.

"Rudi kule, uje tena."

Akarudi mpaka kwenye kibanda cha Okwi, akaja tena. Ajiko alimtazama kama anavyotazamwa ng'ombe wa mahari, kuanzia kwato. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Benedetta naye alitazama pembeni, Roselyn akajifanya anatafuta kitana.

"Unatembea," mama akasema mwishowe.

"Natembea, mama."

"Mungu awabariki hao wanajeshi." Alipumzika kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ileile isiyo na hasira: "Ukiwa na ile baiskeli ulikuwa unakuja kila Jumapili."

Josiah alisogea ukingoni mwa mtaro. Alipiga goti la mguu wake mzima, akajinyoosha juu ya ubao kwa mikono, mwili wake nusu ukiwa Uganda na kile chuma kikibaki nyuma Kenya kwa adabu. Mama akaushika mkono wake. Walikaa hivyo wakizungumza habari za ng'ombe mmoja aliyekataa kushika mimba, mpaka mshipa wa kiuno ukamlazimisha Josiah kuinuka. Wakampandisha Ajiko kwenye mkokoteni. Hakugeuka nyuma, kwa sababu shingo yake haikuruhusu, lakini aliinua mkono.

*

Ajiko alifariki mwisho wa wiki ile. Mazishi yalipangwa yawe baada ya siku chache tu, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliacha neno asiwekwe kwenye barafu kama samaki.

Josiah alimpigia Brendah kuuliza habari za ruhusa. Brendah alimpa pole ndefu na ya kweli, kisha akauliza mazishi ni lini. Alipotajiwa siku, akashusha sauti.

"Siku hiyo tuna wageni, mzee. Anakuja kanali mstaafu, yule aliyeongoza maabara. Yeye ndiye aliyelibuni hilo goti. Amesafiri ili akuone wewe."

"Anione siku nyingine."

"Ratiba yake imeshapitishwa. Hamwezi kusogeza?"

"Kusogeza nini?"

Brendah alielewa alichouliza, akaona haya, lakini kazi ilikuwa kazi. "Hata kwa asubuhi moja tu," akasema.

"Na ruhusa?"

Maombi yalikuwa Nairobi. Yamepokelewa, yamepigwa muhuri kwamba yamepokelewa.

Benedetta alikuwa akichambua maharagwe, akasikia yote. Josiah alipoweka simu chini, alimwambia asimkasirikie yule msichana. Hata yeye amefungwa goti mahali fulani. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwa wote wawili. Josiah ni kifungua mimba. Udongo wa kwanza kaburini ni wake kuutia. Hakuna mtu anayeweza kumtilia.

"Nitavuka na huu mguu," Josiah akasema. "Ujifunge ukitaka. Ufe."

"Mguu ukifa tutakula nini? Kalenda?"

"Sasa hivi tunakula nini?"

Benedetta alirudi kuchambua maharagwe, yaliyokuwa ya kaka yake kutoka Nambale. Lakini alijua jambo ambalo mumewe alikuwa amelisahau kwa uchungu: kwamba asubuhi huamka na kwenda kuoga mwenyewe, amesimama, kwamba tangu apate mguu hajamwita hata mara moja aje amshike. Hilo hakutaka life.

"Nenda kwa Selpha," akasema.

Chama kilikutana chini ya kibanda cha mabati karibu na stendi. Baiskeli zilikuwa zimepangwa nje kwa safu. Josiah alifika akitembea, na wale waliokuwa wenzake wakaacha kuongea. Alisimama mlangoni, mrefu kuliko wote, jambo ambalo halikumsaidia.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Tumesikia msiba. Pole," Selpha akasema. "Mama yako alikuwa mtu mzuri. Alikuwa anatupa maji tukipita."

"Nimekuja kuomba mnivushe. Mguu haupiti."

Mzee mmoja kwenye kona akacheka puani. Mwingine akasema kwamba Josiah alipopigwa picha za kalenda hakukumbuka wenzake, na kwamba maafisa wa mpakani siku hizi wanawauliza kila mmoja kama naye anasubiri mguu, na wameanza kufungua masanduku. Selpha aliwaacha waseme mpaka wakaishiwa.

"Uvue," akamwambia.

"Nini?"

"Huo mguu. Uvue, uuweke nje, halafu ukae tuongee. Hapa hakuna anayeongea na sisi akitutazama kutoka juu."

Josiah alisimama kidogo. Kisha akaketi kwenye kizingiti, akapandisha suruali mbele ya wote, akafungua mikanda, akautoa mguu na kuuegemeza ukutani, kiatu na yote. Alijivuta kwa makalio mpaka katikati ya sakafu. Hakuna aliyemsaidia, na baadaye alipokumbuka siku ile, aliona kwamba ilikuwa ni heshima.

"Sasa," Selpha akasema, "mazishi ni saa ngapi?"

*

Siku ya mazishi waliuacha mguu saluni. Hakukuwa na mahali pengine. Nyumbani palikuwa pamefungwa, na Benedetta, mke wa kifungua mimba, hangeweza kubaki nyuma kulinda chuma. Roselyn aliusimamisha kwenye pembe, karibu na kikaushia nywele, na kwa kuwa ulikuwa uchi akaufunga taulo.

Selpha mwenyewe ndiye aliyemwendesha kwa baiskeli yake. Josiah aliketi ndani ya sanduku la nyuma, mahali ambapo yeye zamani alikuwa akiweka magodoro ya watu, akiwa na suti nyeusi na suruali iliyokunjwa mguu mmoja na kubanwa kwa pini. Nyuma yao zilifuata baiskeli nyingine, wanachama wote, hata yule mzee aliyecheka puani. Walipita kwenye geti kuu la mpakani, mchana kweupe. Ofisa alitazama pembeni.

Katekista aliongoza sala. Josiah alishushwa, akatambaa mpaka ukingoni mwa kaburi kwa sababu udongo ulikuwa laini na hakutaka kubebwa. Akachota kwa mikono yote miwili. Waombolezaji walioambiwa kwamba mtoto mkubwa wa Ajiko sasa anatembea walinong'onezana, wakimtazama alivyo mavumbini. Okiria alitaka kuwaeleza; Josiah akamtikisia kichwa. Alitia udongo, akatia tena, na safari ya tatu mikono yake ikabaki kule chini kana kwamba kuna kitu ilikuwa inakitafuta.

Wakati uleule magari mawili meupe yalisimama mbele ya saluni ya Roselyn. Brendah alikuwa ameweka simu kiganjani, na kwenye simu kulikuwa na kidoa cha bluu kilichoonyesha Josiah alipo. Alikuwa amepumua kwa furaha njiani: mzee amebaki upande wetu. Kanali alishuka, mtu mrefu wa nywele nyeupe aliyetembea kwa kuchechemea kidogo, akafuatwa na mpiga picha na maafisa wawili. Waliingia saluni wakiinamisha vichwa. Wanawake watatu wenye nywele nusu zimesukwa wakawatazama.

"Tunamtafuta Mzee Josiah," Brendah akasema. "Mtambo unasema yuko hapa."

Roselyn alionyesha kwenye pembe kwa kitana. "Huyo hapo."

Mpiga picha aliinua kamera, kisha akaishusha.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ameenda kuzika mama yake. Huyu hakuruhusiwa."

Brendah alitafsiri. Kanali alikwenda kwenye pembe. Alichuchumaa kwa taabu mbele ya mguu, akafungua taulo, akaligusa goti alilolitafuta kwa miaka mingi ya maisha yake, akalikunja na kulikunjua. Kupitia mlango wa nyuma ulisikika wimbo wa mazishi ukija juu ya mashamba, sauti za wanawake zikipanda na kushuka.

"Ni pale?" akauliza.

"Ni pale."

"Basi twende pale." Kanali alikuwa amekwisha inuka.

Mmoja wa maafisa akamwambia, kwa upole mwingi, kwamba haiwezekani. Ziara yake ilikuwa imeidhinishwa kwa Kenya. Mtu wa cheo chake, na mambo anayoyajua, hawezi kukanyaga nchi nyingine bila wakubwa kupewa taarifa mapema. Kanali alibishana kidogo, kama mtu aliyesahau kwamba kanuni hizo aliwahi kuzisaini yeye. Kisha akatoka nje, akasimama penye ubao, mikono nyuma, akasikiliza wimbo mpaka ulipokwisha. Mama wa ndizi akamuuliza kama anataka mbili au tatu. Hakuwa na pesa za Uganda.

*

Josiah na Benedetta waliporudi, magari yalikuwa bado pale. Selpha alisimamisha baiskeli mtaroni, na Josiah akavuka ubao kwa mikono na mguu mmoja, suti nzima ikiwa vumbi, akaingia saluni kutafuta alichokiacha. Kanali alikuwa ameketi kwenye kiti cha kusukiwa. Aliinuka.

Alitoa pole zake, Brendah akazitafsiri. Josiah akashukuru. Akaketi chini, akaanza kuvaa mguu, na kanali akainama amshikie mkanda wa nyuma, ule unaosumbua. Mpiga picha aliinua kamera tena na safari hii Brendah ndiye aliyemzuia kwa mkono.

"Anauliza unaendeleaje nao," Brendah akasema. "Kama una malalamiko."

Josiah alisimama, akajaribu uzito, akaufuta kiatu kwa taulo la Roselyn.

"Mwambie ni mguu mzuri," akajibu. "Haujawahi kuniangusha nikiwa Kenya."

Brendah alisita, kisha akatafsiri yote. Kanali alitikisa kichwa polepole. Akasema atazungumza na watu kuhusu ruhusa ile, mara tu atakapofika nyumbani. Kwamba jambo hilo ni dogo na linaweza kumalizika.

"Asante," Josiah akasema. "Lakini nilikuwa na mtu mmoja tu kule wa kuonyesha."

Hilo Brendah hakulitafsiri.

Waliagana kwa mikono. Josiah akaianza barabara ya kwenda nyumbani, na Benedetta akabaki kidogo kumlipa Selpha kwa maneno, kumshukuru Roselyn, kumpa mmoja wa wanawake pole ya kupotezewa muda. Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshapita kibanda cha Okwi. Alikuwa anakwenda kwa kasi, bega moja juu, uso mbele, na Benedetta alijua kwa nini hakutaka kutembea na mtu. Akakaza mwendo. Kilemba kikamlegea, viatu vya mazishi vikamuuma. Umbali ukazidi.

"Josiah," akaita. "Ningoje."

Tangu lori lile, alikuwa hajamwambia maneno hayo. Josiah aliyasikia, akasimama katikati ya barabara bila kugeuka, goti likakunjika kidogo, laini, likimsubiri pamoja naye.